Nani Kachinja?

Juzi nilipita sokoni Konde kutafuta maini, maana meno niliyobakiwa nayo hayawezi kitu kingine, nikamkuta mmoja wenu, nyinyi vijana wa bucha, ametundika kibendera cha chama juu ya kulabu, ubavuni mwa paja la ng'ombe. Nikamwambia kishushe. Akacheka. "Mzee, hii biashara," akasema, "wateja wangu wote wa upande huu." Nikageuka nikarudi nyumbani mikono mitupu, njia nzima natukana peke yangu mpaka watoto wakanifuata nyuma. Ndiyo sababu ya maneno haya. Nitayasema kwa hasira, na asiyependa hasira za mzee aende zake mapema.

Jina langu Kombo. Nimechinja na kuuza nyama Konde tangu sijaota ndevu mpaka mkono ulipoanza kutetemeka. Siku hiyo nilikifuta kisu, nikakitia alani, nikaenda kukaa barazani. Mchinjaji mwenye mkono wa kutetemeka anamdhulumu mnyama, na mimi dhuluma nimeiona ya kutosha.

Nyinyi mnanoa kwa jiwe la umeme. Cheche zinaruka, chuma kinapata moto, na kabla ya adhuhuri kisu hakikati hata ganda la ndizi. Kisu kinanolewa kwa jiwe na maji, kwa subira, na kinajaribiwa kwa unywele wa mkono wako mwenyewe. Hakinolewi mbele ya mnyama, na mnyama hachinjwi mwenziwe akitazama. Analazwa kwa ubavu wa kushoto, anaelekezwa kibla, unasema Bismillahi, unapitisha mara moja, kisha unangoja atulie kabisa ndipo uanze kuchuna. Nawaona mnachuna na mguu bado unapiga teke. Mnakimbilia wapi? Mteja akingoja kidogo hafi.

Haya yote alinifundisha Mzee Songoro. Babake alikuja kutoka bara kulima mashamba ya watu. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Pemba, akasoma chuoni hapa hapa, na sijapata kumwona akikosa sala ya alfajiri msikitini. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mkubwa, na mkono ule ulikuwa mwepesi kuliko wa fundi cherehani. Ufundi wake ulikuwa kwenye viungo. Mfupa alikuwa havunji. Shoka la bucha lilikuwapo, limeegemezwa kwenye gogo, lakini yeye alilitumia kufukuzia paka.

"Kila kiungo kina nlango," alikuwa akinambia. "Gusa kwa dole gumba, pinda kidogo, utausikia. Ushausikia, wacha kisu kiingie."

Mimi niliona ni maringo ya kizee. Mfupa ni mfupa, piga shoka uishe. Basi siku moja akanifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea mbuzi mzima aliyekwisha chunwa, akanambia nimtoe viungo vyote kwa kupapasa. Nilikata kidole, nikakata pindo la kikoi changu, lakini nilimaliza, na furaha ikanipanda kichwani hata nikawa napima nyama ovyo ovyo. Mchana akarudi Bi Hadia, mwanamke wa pale Konde aliyekuwa mteja wetu wa kila siku, amekishika kile kitambaa cha macho, kimelowa mchuzi.

"Kombo mwanangu," akasema, "hichi kiungo gani? Nakichemsha tangu asubuhi hakiwivi."

Mzee Songoro alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara chache sana nilizopata kumwona akicheka vile.

Lakini ujuzi wa viungo una kazi yake, na kazi yake kubwa ni akika. Mtoto akizaliwa, babake anamchinjia mbuzi, na mbuzi yule havunjwi mfupa hata mmoja. Anatolewa kiungo kwa kiungo, nyama inapikwa watu wanakula, mifupa inakusanywa mizima, inafungwa kitambaa cheupe, inazikwa. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu, kwa kumtakia mtoto viungo vya salama. Na anayechinja, kabla ya kupitisha kisu, analitaja jina la mtoto na la babake: hii ni akika ya fulani bin fulani. Uani watu wote wananyamaza, maana kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo. Shikeni hapo. Nitaparudia.

Kisha ikaja siasa. Ni zile zama za kuelekea uhuru, vyama vikigombea kura, na kwetu Konde vilivyokamatana mashati vilikuwa viwili. Sitavitaja. Nikivitaja mtaacha kunisikiliza muanze kutafuta upande wa kushangilia, na anayevijua anavijua. Wapo watakaokuambieni kuwa Pemba hatukupigana, kwamba damu ilimwagika Unguja na sisi huku tulikaa salama. Risasi kweli sikuzisikia. Sisi vita vyetu tulipigana kwa vyungu. Wa chama hiki hanunui katika duka la chama kile. Gari la abiria la kwenda Wete likawa na chama, na mtu wa chama cha pili anakwenda kwa miguu juani huku gari linampita tupu. Mtu akifiwa, majirani wanauliza kwanza marehemu alikuwa na kadi gani, ndipo wajue kama watakwenda kuzika. Visima vikasusiwa, misikiti ikasusiwa, ndugu wa tumbo moja wakapishana njiani kila mmoja anatazama minazi. Na nyama, ambayo wengi wetu hatukuwa tukiila kila siku, ikawa ndipo mahali pa kuoneshana.

Swali likawa moja tu. "Nani kachinja?"

Zamani swali hilo lilikuwapo na lilikuwa la heri. Mtu aliuliza ili ajue kama Bismillahi imetajwa. Sasa likageuka. Ukimtaja mchinjaji, mwenye kuuliza anatafuta chama chake, na chama ndicho kinachohalalisha au kuharamisha. Wakatokea hata wenye vilemba wa kulipitisha jambo hilo. Mimi nilikuwa nawatazama vinywani hao wenye vilemba, nione kama watacheka wakimaliza. Hawakucheka.

Wa kwanza kupigwa na swali lile alikuwa mwalimu wangu. Asubuhi moja alikuja mteja wetu mmoja, mtu mwenye mke na watoto, tuliyemuuzia nyama tangu siku za ukapera wake. Akasimama mbele ya meza na hakuitazama nyama.

"Mzee Songoro," akasema, "hebu tamka shahada nsikie."

Mimi nikalishika shoka. Mzee Songoro akanitazama tu, nikaliweka chini. Akatamka shahada, polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto aliyesimamishwa chuoni. Yule bwana akasema, "Nshasikia," akaenda zake bila ya kununua hata kongoro.

Mzee Songoro akafuta kisu chake kwa muda mrefu.

"Yule nlinchinjia akika yakwe mie," akanambia. "Mbuzi mweusi, ana baka jeupe hapa kwenye paji. Babake kalia siku ile kwa furaha."

Akanikabidhi kisu, akaenda shambani kwake kulima muhogo, na sokoni hakuingia tena hata kununua chumvi. Watu walisema amesusa. Hakususa. Aliona aibu kwa niaba ya wale ambao wao wenyewe hawakuiona, na aibu ya namna hiyo haina dawa. Nikimpelekea maini kila Ijumaa, anapokea kwa mikono miwili, anauliza habari za soko, mimi namdanganya kwamba watu wote wanamsalimu.

Mimi siasa sikuwa nayo. Lakini kwa kuwa nilikataa kumkana mwalimu wangu, nikapewa chama, kile kile walichompa yeye kwa asili yake ya bara. Watu walinichagulia wenyewe, wakaniambia baadaye. Meza yangu ikawa meza ya chama kile, na upande wa pili wa soko ikawekwa meza mpya, na nyuma yake akasimama Haji.

Haji alikuwa mkwezi wa minazi. Mkwezi hodari, simnyimi haki yake. Mnazi mrefu kuliko yote alikuwa akiupanda huku anazungumza na mtu aliye chini. Kisu hakukijua. Chama chao kilihitaji mchinjaji, wakatazama huku na huku, wakaona huyu ana panga. Basi nyama alikuwa akiipasua kwa panga lile lile la madafu, vipande vya mifupa vinaruka mpaka kwa muuza tumbaku. Akina mama wa upande wao walikuwa wakikaa kuchambua vijifupa kwenye mchuzi kabla ya kuwapa watoto. Hawakulalamika. Ilikuwa nyama ya chama.

Kabla ya hapo ng'ombe mmoja aliitosha Konde. Sasa tukawa tunachinja wawili, na nyama ya wote wawili inabaki mpaka nzi wanashiba. Bi Hadia peke yake ndiye aliyenunua meza zote mbili na kutia chungu kimoja. Wakamjia juu, wa huku na wa kule. Akawaambia, "Kadi nnayo mie. Tumbo halijajiandikisha." Hakuna aliyethubutu kumsusia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikanda wazazi, na kila chama kilikuwa na wake wenye mimba.

Nitawasimulia hitima moja, kwa sababu inachekesha, ingawa mimi mwenyewe sikucheka. Marehemu aliacha watoto wa kiume wa vyama vyote viwili, na kila mmoja anataka watu wake wale. Wakakaa kikao, wakatoka na akili mpya: ng'ombe mmoja, kisu kimoja, mikono miwili. Mimi nishike mpini, Haji ashike juu ya mkono wangu, tuseme Bismillahi kwa pamoja, nyama iwe ya wote. Nikawaambia haiwezekani, kisu hakina njia mbili. Wakanambia napinga suluhu. Basi tukashika. Mimi navuta, Haji anabonyeza. Kisu kikateleza, ng'ombe akachanika ngozi ya shingo, akakata kamba, akainuka. Alipita katikati ya majamvi ya hitima, akaangusha birika za kahawa, akamkanyaga mtoto mkubwa wa marehemu, akaingia kwenye muhogo. Katika wote tuliokuwapo pale, ni ng'ombe peke yake aliyevikimbia vyama vyote viwili.

Alipokamatwa, ugomvi ulikuwa ni Bismillahi ya nani iliyoharibu kazi. Hakuna aliyekubali tena kumla. Hitima ikasomwa kwa haluwa, kila upande na sahani yake. Na yule mnyama alikaa na kidonda kile wiki baada ya wiki, kila chama kinasema atunzwe na wenzao. Nikienda kumpaka dawa nafukuzwa, kwamba nataka kumfanya wa kwetu. Kicheko kiliishia hapo.

Sasa nije kwenye langu.

Mke wangu aliitwa Mize, wa Shumba. Nilimwoa siasa haijachacha. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti kubwa mpaka mamake humkemea, na kila nikirudi kazini alinisimamisha mlangoni akanambia, "Kwanza nivulie hiyo kanzu, ng'ombe hakualikwa." Alipopata mimba ya kwanza, na siku zake zilipokaribia, alikwenda kwao kujifungua, ndivyo desturi yetu ilivyo: mzazi wa kwanza huenda kwa mamake, akakaa ndani arubaini, kisha akarudi kwa mumewe. Nilimsindikiza mwenyewe. Njiani tulikubaliana: akiwa mwanamume jina atalitoa babake Mize, akiwa mwanamke ataitwa Riziki, jina la mama yangu.

Babake, Mzee Shaame, alikuwa mkwe mwema. Nasema alikuwa. Siku ya posa alinishika mkono akasema mchinjaji hafi njaa, binti yangu nampeleka pazuri. Siasa ilipomwingia, ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Akasimamisha mlingoti uani, akapandisha bendera, akawa mkubwa wa chama chao pale Shumba. Na barazani wenzake wakawa wanamchoma: wewe mwenye bendera kubwa, mkweo anauza nyama ya chama kile, na mjukuu unamtarajia kutoka huko huko. Mtoto akazaliwa, mwanamke. Habari nilizipata sokoni kwa mpita njia. Hakutumwa mtu kunambia.

Nilikuwa na mbuzi niliyemlea kwa ajili hiyo tangu Mize alipoanza kuichukia harufu ya samaki. Dume jekundu, halina kilema. Siku ya saba nikamtia kamba, nikakifunga kiunoni kisu cha Mzee Songoro, nikatembea mpaka Shumba. Mzee Shaame alinipokea kwenye mlango wa ua. Hakunikaribisha.

"Mbuzi ntampokea," akasema. "Mbuzi hana chama. Kisu chako nakirudi Konde."

"Baba, mie ndiye babake ntoto."

"Akika italiwa na watu wangu. Watu wangu wataniuliza nani kachinja. Niwajibu nini?"

"Wajibu babake kachinja."

"Jina lako halitajwi uani mwangu, Kombo." Akashusha sauti, na nadhani hapo alitaka kunisaidia kwa akili yake. "Weye unantaka nkeo? Toka kule. Simama sokoni Konde watu wasikie, umkane yule nzee wa bara. Siku hiyo hiyo njoo umtwae nkeo na ntoto."

Hivyo ndivyo nilivyowekewa. Upande mmoja mke wangu na mtoto ambaye sijamwona. Upande wa pili mzee aliyenifundisha kuusikia mlango wa kiungo, aliyekuwa amebakiwa na mimi tu katika soko zima. Nilisimama pale na kamba mkononi. Nilimtaka Mize, nawaambieni, nilimtaka. Lakini kila nilipoyatafuta maneno ya kumkana Mzee Songoro, niliyasikia yakitoka kwa sauti ya yule bwana wa shahada. Nikampa Mzee Shaame kamba ya mbuzi. Neno sikumpa. Akaufunga mlango, nami nikabaki nje nimeegemea makuti.

Ua wa makuti hauzuii sauti. Nilisikia watoto wakikimbizana, nilisikia mwiko ukigonga sufuria, na nikasikia sauti ya Haji, kumbe ameitwa kutoka Konde kwa heshima zote. Nikasikia mbuzi wangu akilazwa chini. Uani kukanyamaza, ule unyamavu niliokuambieni, watu wangoja jina.

"Bismillahi, Allahu akbar," Haji akasema kwa sauti ya juu. "Hii ni akika ya Riziki binti..."

Akasita. Hapo aliikumbuka amri, kwamba jina langu halitajwi. Watu wanangoja, kisu kiko shingoni, mwenye nyumba bila shaka amemkodolea macho. Akamaliza kwa lile lililomjia.

"...binti Mize."

Vijana, mnajua maana yake. Mtoto anayeitwa kwa jina la mamake ni mtoto asiye na baba. Mzee Shaame, kwa kulikwepa jina la mtu wa chama kile, amemtangaza mjukuu wake mwenyewe kuwa wa haramu, mbele ya watu wake, kwa Bismillahi. Niliwasikia wanawake wakivuta pumzi wote kwa pamoja. Sidhani kama Haji alikusudia. Hakuwa mbaya kiasi hicho. Alikuwa mjinga aliyepewa amri, na ukiniuliza leo, hao ndio waliotuumiza zaidi kuliko wabaya.

Ndipo nikamsikia Mize kutoka ndani, mzazi wa siku saba, ambaye hata kuinua sauti hatakiwi.

"Binti Kombo! Ntoto ana babake! Babake yuko nnje ya ua na nyote mnanjua!"

Mamake akamkemea. Mlango wa chumba ukafungwa. Kisha likaanza panga.

Ka! Lile lilikuwa goti. Kwa kazi yangu naujua kila mfupa kwa sauti yake. Ka! Bega. Kisha ka, ka, ka, uti wa mgongo, kwa sababu haukukubali mara moja. Ama hakuna aliyemwambia Haji kwamba akika haivunjwi, ama alijua lakini hakujua pa kupitisha kisu. Na mimi niliyejua nimekaa mchangani, kisu kiunoni, na kati yangu na mbuzi wangu pana ukuti mmoja. Nililia. Sioni haya kusema. Nililia mpaka watu waliotoka kula wakaanza kunipita, wanachokoa meno, wengine wananitolea salamu, wengine wanatazama minazi.

Mize hakurudi. Arubaini ikapita. Nikatuma watu wa heshima, wakarudishwa kwa heshima. Bi Hadia akaenda kwa hiari yake, akamtukana Mzee Shaame chini ya bendera yake mwenyewe, naye akamsikiliza mpaka mwisho kisha akammiminia kahawa kikombeni. Mambo yakabaki pale pale. Sikukuu moja nilisimama kando ya uwanja pale Shumba nikamwona mwanangu begani kwa babu yake, ameshikishwa kibendera. Mwisho Mize alikuja mwenyewe nyumbani Konde, na mamake nyuma yake. Alikuwa amekonda.

"Niwache, Kombo," akasema. "Sikukuchoka weye. Nimechoka kuulizwa kila asubuhi mie wa nani."

Nikamwacha kwa wema, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaka. Baadaye aliolewa na mvuvi wa Fundo, akavuka akaenda kukaa huko kisiwani. Nasikia alirudi kucheka. Mtoto alibaki Shumba.

Mzee Songoro hakukawia sana baada ya hapo. Nilimwosha mimi. Waliokuja kumzika walitosha kulibeba jeneza, hawakutosha kupokezana. Yule bwana wa shahada hakuja. Na wala Mzee Songoro hakupata kujua nilitakiwa nifanye nini siku ile mlangoni Shumba, kwa sababu Bi Hadia niliyemwambia aliapa hatasema, na safari hiyo kweli hakusema.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Ushindani wa vyama vile viwili haukudumu hata mtoto kufikia umri wa kuvaa buibui. Kimoja kilipigwa marufuku, na kilichobaki nacho kikaja kuvunjwa. Kadi watu walizitia motoni wenyewe, na bendera moja niliiona kwa macho yangu ikifutia baiskeli. Sokoni tukarudi meza moja. Haji akaja kuniomba nimfundishe mlango wa kiungo, nikamfundisha, na lile jina alilolitaja siku ile hatukuwahi kulizungumza. Kila mtu akajifanya amesahau, na kusahau kukawa ndiyo adabu.

Siku moja nimesimama mezani akaja Mzee Shaame na mkongojo wake. Riziki amepata mchumba. Na binti haozwi na babu mzaa mama wakati babake yu hai.

"Kombo," akasema, "khatibu kaniuliza binti huyu ni binti nani."

"Ukanjibu nini?"

"Nimenjibu binti Kombo."

Maneno ya siku hiyo nilikuwa nimeyapanga kwa miaka. Nilikuwa nayajua kwa moyo, makali yake nimeyanoa mwenyewe. Nikamtazama yule mzee, shingo imemsinyaa, nikayarudisha yote alani. Riziki alikuwa na kosa gani? Nikamwambia idhini natoa, na nyama ya harusi naileta mimi.

Nilichinja Konde kwa mkono wangu. Nikatoa viungo vyote, sikuvunja hata mfupa mmoja, ingawa harusi si akika na hakuna aliyenitaka nifanye hivyo. Nikaitia nyama kwenye makapu yaliyotandikwa majani ya mgomba, nikaenda nayo Shumba, na safari hii nikaingia ndani ya ua. Nikamwoza binti yangu kwa jina langu. Alikuja kunibusu mkono, mimi mgeni kwake na yeye mgeni kwangu. Akanichekea mara moja, kicheko cha mamake kabisa, kisha akaitwa ndani.

Yakaletwa masinia. Nikakaa sinia moja na Mzee Shaame, uso kwa uso. Akakunja mkono wa kanzu, akasema Bismillahi, akachukua pande la nyama akala. Akachukua la pili. Alikula kwa raha, mafuta yanamteremka kidevuni, huku anamweleza jirani yake habari za mvua na karafuu.

Nilimngoja aulize. Nilimngoja mpaka sinia likaisha, maji ya kunawa yakapitishwa, watu wakaanza kuinuka. Hakuuliza nani kachinja.